Tiramisu ya Chumbageni: kitamu cha kahawa cha Kiitaliano bila oveni, na bila kumlaza mtu hospitali



Tangu nianze kuuza vikombe vyangu hapa mtaani Chumbageni, swali ni lile lile: "Hivi hiyo tiramisu ni dudu gani, na wewe mtoto wa Tanga umeijulia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika yote mahali pamoja: ni kitu gani, kimetoka wapi, kinatengenezwaje kwa vitu tulivyo navyo, na wapi watu wanaharibu. Ukiwa kafe na dakika zako zinakimbia, ruka mpaka namba 4 na 5, unakili kwenye daftari, mengine utasoma siku nyingine. Ila namba 4 usiiruke kabisa. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

1. NI KITU GANI HASA

Tiramisu ni kitamu cha baridi cha kulia baada ya chakula. Kinapangwa kwa tabaka: chini biskuti laini zilizolowekwa kwenye kahawa nzito, juu yake krimu ya viini vya mayai, sukari na jibini laini inayoitwa maskaponi, halafu biskuti tena, krimu tena, na mwisho unanyunyiza unga wa kakao. Kinakaa kwenye friji mpaka kishikane. Hakiokwi. Ukiwa na jiko la mkaa, sufuria moja na bakuli, umemaliza.

Jina lenyewe ni maneno ya Kiitaliano, maana yake ni kama "nivute juu" au "ninyanyue". Kahawa, sukari na mayai, lazima unyanyuke tu!

Watu wengi wanaogopa wakisikia jina. Wanadhani ni chakula cha hotelini, cha watu wenye magari. Jamani, tazameni orodha: kahawa, maziwa, mayai, sukari, keki, kakao. Ni kipi hapo ambacho mkoa wa Tanga haukijui?

2. KIMETOKA WAPI, NA PWANI KILIFIKAJE

Hiki si chakula cha kale kama watu wanavyofikiri. Hadithi inayojulikana zaidi inataja mji wa Treviso, kaskazini mashariki mwa Italia, kwenye mgahawa wa Le Beccherie wa familia ya Campeol. Inasemekana Alba Campeol na mpishi wa vitamu Roberto Linguanotto ndio waliokiunda, na kikaingia kwenye menyu mwaka 1972. Mume wa Alba, Ado Campeol, alifariki mwaka 2021, na Linguanotto akafariki mwaka 2024. Yaani waasisi wa chakula hiki wametutoka juzi juzi tu.

Ila majirani zao hawakubali. Watu wa mkoa wa Friuli Venezia Giulia wanasema kwao kilikuwepo tangu miaka ya 1950, katika hoteli moja mjini Tolmezzo, mikononi mwa mama aliyeitwa Norma Pielli. Mwaka 2017 tiramisu ikaandikwa rasmi kama chakula cha asili cha mkoa huo, na wakubwa wa Veneto, mkoa wenye Treviso, wakaja juu. Ni kama ubishi wetu wa nani anajua zaidi kupika pilau.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi: kile cha Treviso hakikuwa na pombe. Wengi siku hizi wanatia ramu au mvinyo mtamu, lakini hayo yaliongezwa baadaye. Kwa hiyo ndugu yangu Mwislamu ukiitengeneza bila pombe hujapunguza chochote, umerudi kwenye asili. Ukinunua ya dukani au hotelini, uliza kwanza.

Pwani yetu je? Tazama Malindi, kule Kenya. Miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti, mradi wa San Marco, na tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Baadaye wakaja watalii, wengine wakajenga nyumba na kubaki. Ndiyo maana leo Malindi utakuta piza, aiskrimu za Kiitaliano na tiramisu, na vijana wa mji wanaozungumza Kiitaliano kama maji. Zanzibar nako wageni Waitaliano ni wengi hotelini. Vijana wa pwani wanaofanya kazi jikoni huko wakirudi likizo nyumbani, wanarudi na ujuzi.

3. VITU: WANAVYOTUMIA WAO, TUNAVYOTUMIA SISI

Kahawa. Wao wanatumia espreso, kahawa nzito ya mashine. Sisi tuna kahawa ya dele. Chukua vijiko 5 vya chakula vya kahawa ya kusaga, maji vikombe viwili vidogo vya chai (mililita 400 hivi), chemsha dakika 3, acha itulie, chuja kwa kitambaa safi. Usitie tangawizi kama ya wauza kahawa, itapigana na krimu. Hiliki punje mbili zilizopondwa ruksa. Mwitaliano akisikia atanuna, lakini hiliki inatoka Usambara na mimi siwezi kuinyima nafasi. Hutaki kazi? Kahawa ya unga ya Africafe, ile inayotengenezwa Bukoba, vijiko 2 vya chakula kwa mililita 300 za maji ya moto inatosha. Kwa wapenda historia: Wajerumani walijaribu mashamba ya kahawa Usambara Mashariki tangu miaka ya 1890, na mwaka 1902 wakafungua kituo cha utafiti wa mazao kule Amani. Hiki kinywaji na sisi tumejuana muda mrefu.

Maskaponi. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, maana ikipatikana dukani bei yake inatoa machozi. Tulieni. Maskaponi ni krimu ya maziwa iliyogandishwa kwa asidi kidogo, basi. Unaitengeneza nyumbani hivi:

- Pata nusu lita ya krimu. Ukinunua ya boksi sawa, mradi iwe krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 30 au zaidi. Ukitaka ya kienyeji, chukua maziwa mabichi ya ng'ombe kama lita 6, weka kwenye chombo kipana ndani ya friji usiku mzima, asubuhi kwangua krimu iliyopanda juu. Maziwa yanayobaki yachemshe, yanafaa kwa chai. Maziwa ya pakiti mengi hayapandishi krimu, kwa sababu kiwandani mafuta yake yameshapasuliwa vipande vidogo sana. Usipoteze muda wako nayo.
- Pasha krimu taratibu mpaka uone vipovu vidogo pembeni na mvuke unapanda, lakini isichemke. Ukiwa na kipimajoto, ni nyuzi 85.
- Tia kijiko 1 cha chakula cha maji ya ndimu. Koroga dakika 5 kwenye moto mdogo huo huo. Itakuwa nzito kama uji mwepesi.
- Ipua, ipoe, mimina kwenye kitambaa safi juu ya chujio, weka kwenye friji usiku kucha maji yachuruzike. Asubuhi utakuta kitu cheupe, kizito, kitamu. Utapata kama gramu 350.

Njia ya mkato: mtindi mzito usio na sukari. Uchuje kwenye kitambaa usiku kucha ndani ya friji, kisha changanya na krimu iliyopigwa, nusu kwa nusu. Tanga kwa maziwa hatuna shida, kiwanda cha Tanga Fresh kinapokea maziwa ya wafugaji wadogo wa mkoa huu huu. Itakuwa na uchachu kidogo na si maskaponi ya kweli, usimdanganye mteja. Lakini ni tamu, na ni nafuu.

Biskuti. Wao wana biskuti nyepesi zenye umbo la kidole. Sisi tununue keki laini isiyo na krimu wala matunda, tuikate vipande vya urefu wa kidole na upana wa sentimita 2, tuvikaushe kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, upande huu na huu, mpaka nje vikauke. Keki ya jana ni bora kuliko ya leo. Biskuti za chai za kawaida nazo zinafaa, ila utapata kitu kigumu kidogo.

Kakao. Nunua kakao tupu, isiyo na sukari. Kile kinywaji cha chokoleti cha kopo usitumie, kina sukari nyingi na kinavuta maji. Kakao ya Tanzania inalimwa zaidi Kyela, mkoani Mbeya, kwa hiyo hata hapo hatujavuka mpaka.

4. MAYAI: SOMA HAPA KABLA HUJAWASHA JIKO

Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanasema upige viini vibichi na sukari, uchanganye na jibini, basi. Mimi mara ya kwanza nilifuata hivyo hivyo. Ilikuwa Ramadhani. Nilitengeneza vikombe 24, nikapanga kuviuza kesho yake kwa majirani. Friji ilikuwa imejaa, nikaacha vingine mezani sebuleni tangu alasiri mpaka baada ya futari. Mdogo wangu akala viwili, akasifia sana.

Kufika daku alikuwa hajiwezi. Tumbo, kutapika, homa inapanda. Alfajiri tukamkimbiza hospitali, akawekewa dripu, akalala huko siku hiyo na usiku wake. Daktari aliuliza amekula nini. Nilipotaja mayai mabichi aliniangalia tu. Kama ni yai au ni kule kukaa nje kwenye joto, sitajua, yote mawili niliyafanya mimi. Tuliporudi nyumbani mama hakunigombeza. Aliangalia vile vikombe vilivyobaki akasema, "Mwanangu, hivi ulikuwa uende navyo kwa watoto wa watu?" Nikavimwaga vyote. Nilikaa miezi kadhaa bila kugusa mchapo.

Sasa sikilizeni. Yai linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela hata likiwa zuri kwa macho, ganda safi, halina ufa. Huwezi kuvinusa wala kuviona. Kwa mtu mzima mwenye afya ni tumbo la siku chache, lakini kwa mtoto mdogo, mzee, mjamzito au mgonjwa inaweza kuwa hatari ya maisha. Dawa yake ni moto. Viini vikifika nyuzi 71 umevimaliza. Na huhitaji oveni, unahitaji mvuke tu, dakika 10. Krimu inakuwa nzito na tamu zaidi, kwa hiyo hakuna unachopoteza. Tangu siku hiyo sijawahi kutumia kiini kibichi, na ukija kununua kwangu una haki ya kuniuliza.

5. KIPIMO NA HATUA

Kipimo cha Treviso kinachojulikana ni viini 12, sukari gramu 500, maskaponi kilo 1 na biskuti 60. Nimekigawa kwa tatu na kupunguza sukari. Inatoka bakuli moja la watu 8, au vikombe 8 vya plastiki.

- Viini vya mayai 4 (mayai ya kienyeji madogo, tumia 5)
- Sukari gramu 120, kama vijiko 9 au 10 vya chakula vilivyosawazishwa
- Maskaponi gramu 350
- Vipande vya keki iliyokaushwa 20 mpaka 24
- Kahawa nzito mililita 300, iliyopoa kabisa
- Kakao vijiko 2 vya chakula
- Chumvi, ile ya kushika kwa vidole viwili

Hatua ya 1. Pika kahawa kwanza, iache ipoe. Kahawa ya moto inavunja keki na kuyeyusha krimu.

Hatua ya 2. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, kisha punguza moto yabaki yanatokota taratibu. Weka juu yake bakuli la chuma au la kioo kigumu, kitako kisiguse maji. Tia viini, sukari na chumvi. Anza kupiga kwa mchapo bila kuacha, hata sekunde. Ukiacha, utapata mayai ya kukaanga yenye sukari. Baada ya dakika 8 mpaka 10 rangi itapauka, itajaa povu na kuwa nzito. Ukiinua mchapo, kinachodondoka kibaki kinaonekana juu kama uzi kabla ya kuzama. Mwenye kipimajoto ahakikishe nyuzi 71 au zaidi. Asiye nacho asiwe na haraka: endelea mpaka bakuli lenyewe liwe la moto hulishiki kwa mkono mtupu na krimu ipake mgongo wa kijiko bila kuteleza.

Hatua ya 3. Ipua. Weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi, endelea kupiga mpaka ipoe kabisa.

Hatua ya 4. Lainisha maskaponi kwa mwiko, usiipige sana, itakatika na kutoa maji. Ingiza krimu ya mayai kidogo kidogo, ukichanganya kwa kukunja kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 5. Panga keki chini. Kama ni biskuti, chovya kwenye kahawa, hesabu "moja, mbili", toa. Kama ni keki usichovye kabisa, inywesheleze kahawa kwa kijiko, vijiko viwili vya chai kila kipande. Tandaza nusu ya krimu. Rudia tabaka la pili.

Hatua ya 6. Funika, weka kwenye friji saa 4 au zaidi. Ikilala usiku mzima ndiyo mpango, kahawa inapanda mpaka juu.

Hatua ya 7. Nyunyiza kakao kwa chujio la chai wakati wa kula, usiwahi mapema, italowana na kuwa matope.

Ute mweupe wa mayai usimwage. Kaanga na kitunguu na pilipili hoho, ule na mkate.

6. FRIJI, UMEME NA DELI

Hii ni Tanga, joto letu mnalijua, na umeme nao una tabia zake. Sheria zangu ni hizi:

- Ndani ya friji iwe chini ya nyuzi 5. Kula ndani ya siku 2, ya tatu usimpe mtu.
- Nje ya friji isizidi saa 2. Siku za joto kali kupita nyuzi 32, saa 1 tu. Iliyozidi hapo mwaga, usiionje kujaribu. Kuirudisha kwenye baridi hakusaidii.
- Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji. Ikifungwa vizuri inashikilia baridi kama saa 4. Kabla hazijaisha, hamishia kwenye deli lenye barafu.
- Ukienda kuuza, beba deli. Barafu wanayotumia wauza samaki inafaa, ila iwe kwenye mfuko uliofungwa vizuri na isiguse vikombe. Hakuna anayetaka tiramisu yenye harufu ya vibua.
- Andika siku na saa ya kutengeneza juu ya kila kikombe kwa kalamu ya wino mzito.

Kama huna friji kabisa na huna jirani wa kukuazima, nakwambia kama ndugu: usitengeneze. Pika kashata, nazo zinakwenda na kahawa vizuri tu, na hazimdhuru mtu zikikaa nje.

7. MBONA YANGU IMEHARIBIKA?

Imekuwa maji maji: keki imekunywa kahawa nyingi, au maskaponi haikuchujwa vya kutosha, au krimu ya mayai iliingia ikiwa bado ya moto.

Ina chenga chenga: viini viliiva kama vya kukaanga, moto ulikuwa mkubwa. Pitisha kwenye chujio mapema, inaweza kuokoka. Au ulipiga maskaponi mno, hiyo haiokoki.

Haina ladha ya kahawa: kahawa yako nyepesi. Ukiionja peke yake inatakiwa ikukunje uso.

Watoto hawalali: hiyo ni kahawa jamani, si uji. Kwa watoto tumia maziwa yenye kakao badala ya kahawa, hatua nyingine ni zile zile.

8. KWA ANAYETAKA KUUZA

Usianze na vikombe 50. Tengeneza 8, gawa kwa watu watakaokwambia ukweli, siyo wanaokupenda. Hesabu gharama zote, mkaa, barafu na vikombe vikiwemo, kisha ndiyo upange bei. Uza kwa oda, ili kisibaki cha kesho. Na mteja akiuliza mayai umeyafanyaje, usimjibu kwa mkato, mweleze. Yule anayekula kikombe chako haoni jikoni kwako. Anakuamini tu.

Mdogo wangu sasa ni mzima, ni mkubwa, na ndiye anayepiga mchapo mimi nikishikilia bakuli. Kabla hajaonja huwa ananiuliza kwa kejeli, "Imefika sabini na moja?" Nami namwonyesha kipimajoto.

Haya wadau, nendeni jikoni. Mkifanikiwa au mkiharibu, semeni hapo chini ilikuwaje, na mwenye njia bora ya kupata krimu ya kienyeji aimwage hapa tufaidi wote.